Mhitimu ataandika ukurasa mmoja juu yako: usaili wa vyuo vya Marekani ulivyo

Kila mwaka, kati ya Novemba na Februari, wanafunzi wa Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na kwingineko walioomba vyuo vya Marekani huanza kupata barua pepe kutoka kwa watu wasiowajua. Mwandishi anasema alisoma Yale au Princeton miaka kumi au ishirini iliyopita, siku hizi yuko benki, hospitali au kwenye shirika fulani, na angependa mzungumze kwa nusu saa hadi saa moja. Barua haina nembo ya chuo, mara nyingi imetoka Gmail, na mwanafunzi anabaki kujiuliza kama huyu ni tapeli au ni neema.

Kwa kawaida ni usaili wa mhitimu. Vyuo kadhaa vya Marekani huwaomba watu waliosoma pale zamani wajitolee, bila malipo, kuzungumza na waombaji wa maeneo yao kisha watume ripoti kwenye ofisi ya udahili. Mhitimu hana kura. Hajui alama zako, hajasoma insha zako wala barua za walimu wako. Anachopewa ni jina, shule, namba ya simu na anwani ya barua pepe, na pengine fani unayotaka kusomea. Kwa hiyo usidhani ana faili lako mkononi. Anaanza na karatasi tupu, na mkishaagana atakaa mbele ya kompyuta ajaze kama ukurasa mmoja. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo: mpe kitu cha kuandika.

Uzito wake? Mdogo kuliko watu wanavyohofia. Alama, masomo uliyochukua, insha na barua za walimu ndivyo vinavyobeba mzigo. Usaili mzuri huongeza rangi kwenye faili ambalo tayari ni zuri, na ule wa kawaida haumwangushi mtu. Kinachoangusha ni uongo, dharau, au kutotokea bila taarifa. Hata hivyo, mdogo si bure. Katika kesi ya SFFA (shirika lililokishtaki chuo hicho kwa jinsi kinavyochagua wanafunzi) dhidi ya Harvard, iliyosikilizwa Boston Oktoba 2018, nyaraka zilizowekwa hadharani zilionyesha kwamba wahitimu wa Harvard walikuwa hawaandiki maneno tu; walitoa pia alama kuanzia 1, iliyo ya juu kabisa, hadi 6, kwa masomo, shughuli za nje ya darasa, haiba na tathmini ya jumla.

Vyuo havifanani. Georgetown huutaka usaili huu popote penye mhitimu wa kuufanya. Princeton hukuruhusu kuukataa. Yale hutanguliza waombaji ambao ofisi ya udahili inataka kujua zaidi juu yao, na baadhi ya wanaosaili huko ni wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa video. MIT nayo ina mtandao wake mkubwa wa wahitimu, na ndiyo inayokutafuta, si wewe uitafute. Columbia iliachana na usaili wa wahitimu mwaka 2023. Brown iliuacha pia, na badala yake mwombaji anaweza kutuma video fupi ya kujitambulisha. Kwa sababu sera hubadilika, soma ukurasa wa udahili wa chuo chako mwaka huohuo unaoomba. Usitegemee aliyoambiwa dada yako miaka mitatu iliyopita.

Usipoitwa, usijipe presha. Wahitimu ni wachache katika sehemu nyingi za ukanda wetu. Mwombaji wa Kigoma, Bujumbura au Bukavu anaweza asipate mtu kabisa, na vyuo vyenyewe husema wazi kwamba kukosa usaili hakumpunguzii mtu chochote.

Kabla hatujafika kwenye mazungumzo yenyewe, tuondoe mkanganyiko mmoja. Huu si usaili wa viza. Ule wa ubalozini huja baadaye, ukishakubaliwa na kupata fomu ya I-20 (ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni ili aombe viza), na huko ndiko utakakoulizwa nani analipa na kama utarudi nyumbani. Mhitimu hatakiwi kuona taarifa za benki wala hati ya nyumba ya mjomba. Ukimletea bahasha ya vyeti utamweka pabaya, maana hana mahali pa kuviweka. Acha vyeti nyumbani. Kama umechora, umetengeneza kifaa au umeandika programu, picha mbili tatu kwenye simu zinatosha, na zitoe tu pale mazungumzo yanapofika huko yenyewe.

Barua ambayo haikujibiwa

Usaili mwingi wa huku hauharibikii mezani. Unaharibikia kwenye barua pepe. Mwanafunzi yuko bwenini, simu ni marufuku, Novemba ni mwezi wa mitihani ya kidato cha nne, na barua ya mhitimu inakaa wiki tatu kwenye folda ya barua taka. Mhitimu ana tarehe ya mwisho ya kutuma ripoti. Akiona kimya, ataandika kwamba hakukupata, na mambo yataishia hapo.

Ukijaza fomu ya maombi, weka anwani ambayo mtu mzima unayemwamini anaweza kuifungua ukiwa shuleni, na namba ya simu inayopokelewa. Mwombe mwalimu mlezi mapema akuruhusu kutumia kompyuta ya ofisi mara mbili kwa wiki. Walioomba awamu ya mapema, ambayo tarehe yake ya mwisho kwa vyuo vingi ni 1 Novemba, waangalie barua kuanzia wiki hiyohiyo, kwa sababu majibu yao hutoka katikati ya Desemba na usaili lazima ufanyike kabla. Walioomba awamu ya kawaida, ambayo kwa vyuo vingi vya aina hii hufungwa siku za mwanzo za Januari, wategemee kutafutwa Januari na Februari.

Jibu ndani ya siku moja au mbili. Sentensi nne zinatosha: shukrani, saa uliyochagua kati ya zile alizopendekeza, namba yako ya simu, na jina lako kamili kama lilivyo kwenye fomu. Hilo la jina si dogo. Wengi wetu tuna jina la ubatizo au la Kiislamu, jina la nyumbani na jina la babu, na mwanafunzi anayejiandikisha kama Rehema kisha akajibu kwa jina la utani lililo kwenye Gmail yake anamchanganya mtu mwenye orodha ya waombaji kumi. Ujibu wewe mwenyewe, si baba.

Na kama unashuku utapeli? Mhitimu wa kweli hakuombi pesa hata shilingi, haombi namba ya pasipoti wala neno la siri, wala haahidi nafasi. Ukiona moja kati ya hayo, funga mazungumzo uandikie ofisi ya udahili kupitia anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo. Unaweza kuwauliza hata kama hakuna dalili mbaya, hawatachukia.

Saa ngapi, ya wapi

Usaili mwingi siku hizi hufanyika mtandaoni, na mhitimu anaweza kuwa Nairobi, London au New Jersey. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa 8. Kipindi kingine cha mwaka, kwa saa 7. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ziko saa moja nyuma ya Nairobi, kwa hiyo huko punguza moja.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni kuona 10:00 a.m. ET (yaani saa za mashariki mwa Marekani, kama New York) na kuisoma kama saa kumi. Mwezi Januari hiyo ni 18:00 ya Afrika Mashariki, yaani saa kumi na mbili jioni. La pili ni tarehe kugeuka: 4:00 p.m. ya Alhamisi kule New York ni saa sita usiku kwetu, Ijumaa inapoingia. Dawa ni kujibu kwa kuandika siku, tarehe na saa zote mbili kwa mtindo wa saa 24, mfano "Jumamosi 17 Januari, 10:00 New York, 18:00 Dar es Salaam", ili kama umekosea yeye akusahihishe. Saa za usiku wa manane una haki kabisa ya kuomba zibadilishwe.

Mtandaoni, tatizo si kamera bali umeme na bando. Weka bando la GB 2 hata kama utatumia chini ya moja, chaji simu na kompyuta, na uwe na simu ya pili ya kurushia intaneti. Mtumie namba yako ya WhatsApp kabla, ukimwambia kwamba umeme ukikatika utampigia huko. Akaunti ya bure ya Zoom hukata mkutano ukifika dakika 40. Ikitokea, bonyeza kiungo kilekile urudi ndani na uendelee pale mlipoishia bila kuomba radhi mara tano. Kaa mahali ambapo dirisha liko mbele yako, si mgongoni, la sivyo ataona kivuli tu. Jogoo, adhana ya msikiti wa jirani na mtoto anayelia havimsumbui mtu yeyote. Kinachosumbua ni macho yako yanayokimbia pembeni kusoma majibu yaliyoandikwa, na siku hizi kila msaili anajua kuyatambua, pamoja na yale majibu laini mno ambayo hayakutoka kinywani mwa kijana wa miaka kumi na minane.

Mkikutana ana kwa ana, itakuwa mkahawani, maktabani, au ofisini kwake saa za kazi. Nyumbani kwake, au chumba cha hoteli, hapana. Pendekeza mahali pa wazi, na hakuna mhitimu wa maana atakayeshangaa. Mzazi anaweza kukusindikiza, akasalimia, kisha akaketi mbali. Asikae mezani. Kwetu mgeni haendwi mikono mitupu, lakini hapa zawadi ziache, hata kikoi, hata paketi ya kahawa, kwa sababu mhitimu hatakiwi kuzipokea na utamlazimisha kukataa. Kwenye soda au chai, akijitolea kulipa, shukuru unywe. Nauli ikiwa shida sema mapema mfanye mtandaoni. Ripoti ni ileile. Mavazi: safi na ya heshima, na sare ya shule haina kasoro. Suti ya kuazima inayokubana mabegani itakufanya ukae kama sanamu.

Mazungumzo yenyewe

Salamu kwanza. Kama ni Mtanzania au Mkenya wa pwani aliyekuzidi umri, shikamoo haikosewi. Baada ya hapo fuata lugha anayoishika yeye, ambayo karibu kila mara itakuwa Kiingereza, maana ripoti ataiandika kwa lugha hiyo na anataka kusikia ukifikiri ndani yake. Mwite Bwana au Bi kwa jina la ukoo, au Daktari kama ndivyo alivyosaini, mpaka akwambie vingine. Kumtazama usoni si utovu wa adabu hapa, ingawa wengi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa.

Swali la kwanza mara nyingi ni "niambie habari zako". Si mwaliko wa kusoma wasifu kuanzia shule ya msingi. Dakika moja na nusu: unatoka wapi, unasoma nini, na kitu kimoja kinachokushughulisha kiasi kwamba angependa kuuliza zaidi. Hicho kitu cha mwisho ndicho kitakachoendesha nusu saa ijayo, kwa hiyo kichague wewe kabla hajakuchagulia.

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na mahitaji ya ripoti. Mtoto aliyelelewa vizuri hajisifu. Husema "tulifanya", "tulijitahidi", "Mungu alisaidia". Mhitimu akitoka hapo anakuta daftari lake limejaa "sisi" na hajui wewe ulifanya nini. Hakuna anayetaka ujigambe. Taja tu sehemu yako kwa usahihi. Linganisha majibu haya mawili ya mwanafunzi wa kubuni. La kwanza: "Nilikuwa kiongozi wa klabu ya mazingira na tulipanda miti mingi." La pili: "Tulipanda miche 200. Baada ya likizo nikaihesabu, 70 ilikuwa imekauka, na karibu yote ilikuwa upande usiofikiwa na mpira wa maji. Nikapanga zamu za ndoo kwa darasa, kidato cha pili wakagoma, ikabidi nibadilishe zamu." Jibu la pili halina sifa hata moja, lakini mhitimu ameshapata aya nzima: huyu huhesabu, hutafuta sababu, na hakimbii watu wakimgomea.

Kazi za nyumbani zinahesabika. Mwombaji wa hapa asiye na klabu ya roboti hujiona hana cha kusema, kumbe kila jioni anauza dukani kwa mama, anajua bidhaa gani inakwisha Jumatatu na kwa nini mkopo wa madaftari umewashinda majirani wawili. Sema hayo. Lakini usiyageuze kuwa maombolezo. Kuna washauri wanaowafundisha wanafunzi kuufanya umaskini ndio mada kuu, na matokeo yake mhitimu anaondoka na huruma nyingi lakini maneno machache ya kuandika. Taja hali ilivyo kwa sentensi moja, halafu rudi kwenye kile ulichofanya ndani ya hali hiyo.

"Kwa nini chuo chetu?" ndilo swali linalowakamata wengi. "Ni chuo bora duniani" ni jibu ambalo hata yeye ameshalisikia mara nyingi mno. "Wanatoa ufadhili kamili" kwa baadhi ya vyuo ni kweli, na kwa mwombaji wa Afrika Mashariki pengine ndiyo sababu ya kwanza, lakini haimwambii kitu juu yako. Tafuta jambo ambalo chuo hicho kinalo na chuo cha jirani hakina, uliunganishe na jambo lako. Princeton karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huandika tasnifu. Dartmouth mwaka umegawanywa robo nne na mwanafunzi hupanga robo zipi atakuwa chuoni. Yale wanafunzi wote wa shahada ya kwanza hugawiwa katika vyuo vya makazi 14, yaani jumuiya ndogo za kuishi pamoja ndani ya chuo. MIT ina D-Lab, iliyoanzishwa 2002, inayoshughulika na teknolojia kwa watu wa kipato kidogo. Ukitaja moja ya hizo tegemea swali la pili: "Ungefanya nini humo?" Kama huna jibu, usiitaje.

Utaulizwa pia unafanya nini usipokuwa na la kufanya, umesoma nini ambacho hakikuwa kwenye silabasi, ulishindwa wapi, unabishana na nani na juu ya nini. Kusema hujui si kosa; nyamaza sekunde tano, fikiri kwa sauti. Majibu ya neno moja humchosha mtu, na ya dakika tano humchosha zaidi. Kati ya dakika moja na mbili, kisha mwachie nafasi aulize. Siku moja kabla ya usaili soma tena fomu yako na insha zako. Yeye hajazisoma, lakini ripoti yake itasomwa pamoja nazo, na klabu uliyoianzisha 2022 kwenye fomu isiwe imeanza 2023 mezani.

Ikitokea akauliza alama zako au vyuo vingine ulivyoomba, hatakiwi, lakini wapo wanaosahau. Alama zitaje kama zilivyo. Vyuo vingine, "nimeomba kadhaa vyenye programu ninayoitaka" inatosha.

Mwishoni atakwambia uulize. Usiseme huna swali. Usiulize pia nafasi yako ya kukubaliwa ikoje, kwa sababu haijui, wala ufadhili utakuwa kiasi gani, kwa sababu hilo ni la ofisi nyingine. Muulize yale ambayo tovuti haiwezi kujibu: somo gani alilichukua kwa bahati likambadilisha mwelekeo, mwaka wa kwanza alikuwa anakula na nani, kitu gani cha chuo kile kilimkera. Wahitimu wanapenda mno kusimulia chuo chao, na msaili aliyefurahia mazungumzo huandika ripoti ndefu.

Baada ya hapo

Ndani ya saa 24 tuma barua fupi ya kushukuru, sentensi tatu, ukitaja jambo moja mliloongea. Usimtumie insha, vyeti wala picha za mahafali. Kama alikukosea heshima, akakuuliza mambo ya mwili, dini au siasa kwa namna iliyokukwaza, au akataka mkutane tena faragha, iandikie ofisi ya udahili ukieleza kilichotokea. Ni haki yako, na wanataka kujua.

Usimfuatilie kuuliza matokeo. Hayuko kwenye kikao, na mara nyingi atayajua baada yako. Majibu ya awamu ya kawaida kwa vyuo vingi vya aina hii hutoka mwishoni mwa Machi, na mwanafunzi aliyekubaliwa hutakiwa kuamua kufikia 1 Mei. Ukikubaliwa, mwandikie tena hapo katikati. Sasa hana ripoti ya kuandika, kwa hiyo muulize yale uliyoogopa: kazi za chuoni zinalipaje, likizo ya Desemba wasio na nauli ya kurudi nyumbani hulala wapi, na koti la baridi linunuliwe huku mitumbani au kulekule.